Nyumba ya Jumamosi

Moto ulipokuwa unakula mlima, mji wa chini uliwasha taa za barabarani saa sita mchana, na majogoo, kwa kuchanganyikiwa, wakawa wanawika mara mbili kwa siku. Watu walitembea taratibu na kusema chinichini kana kwamba mji mzima unauguza. Jua lilikuwa dogo na jekundu, mtu aliweza kulikodolea macho asipepese. Majivu yalishuka bila haraka yoyote. Mara nyingine lilishuka jani zima, limeungua lakini lina mishipa yake yote, na ukilipokea kiganjani linabaki unga.

Kwenye duka moja dogo karibu na kituo cha mafuta, fundi wa funguo alikuwa amesimama mlangoni na tupa ya kusugulia chuma mkononi, anawatazama watu wanaoteremka kutoka mlimani. Alikuwa anamtafuta dada yake.

Fundi huyo watu humwita Kitasa. Jina la kwenye vitambulisho analo, ila hata mkewe hulikumbuka wakati wa kujaza fomu tu. Alikuwa na miaka sitini, kitambi cha wastani, na miwani iliyofungwa kwa uzi sikio la kushoto. Duka lake ni chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukutani kuna misumari, na kila msumari una kishada cha funguo ambazo bado hazijachongwa meno. Kuna meza, jiliwa la kubania chuma, tupa tano, na mashine ya kuchongea inayolia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Chini kuna chenga za shaba. Hizo huingia kwenye soksi, zikatoka kwenye soksi zikaenda kwenye shuka, zikatoka kwenye shuka zikaenda kwenye maneno ya mkewe kila Jumatatu.

Ufundi wenyewe aliupata kwa utundu. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka mitatu na dada yake kumi na mitano. Baba alikuwa akivunja mawe machimboni, nyumbani anakuja kama mgeni, na mwaka mmoja hakuja tena. Dada akaacha shule, akapata kazi ya kufagia zahanati. Mdogo wake hakuwa na wa kumwangalia, basi kila asubuhi alimwachia chai na mkate, akamfungia ndani, akaondoka na ufunguo huku roho imebaki nyuma. Siku moja anarudi jioni anamkuta bwana mdogo, miaka sita, amekaa nje kwenye kizingiti anatafuna mkate, na mlango nyuma yake umefungwa vizuri kabisa. Mkononi ana kibanio cha nywele.

Dada alimchapa kwanza. Kisha akakaa chini akacheka mpaka machozi. Kisha akamwambia, "Hebu fungua tena nione."

Alipofika miaka kumi na mitano Dada mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akampeleka mjini kwa fundi. Kufuli la kwanza alilolitengeneza kwa mikono yake, kuanzia chuma hadi ufunguo, hakumuuzia mtu, alilipandisha mlimani. Lilikuwa zito, na sura yake haikuwa nzuri. Alilifunga kwenye mlango wa nyumba ya mawe waliyokulia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Hili, Dada, bila ufunguo hata mimi silifungui." Dada akaishi na lile kufuli miaka arobaini na zaidi, peke yake, bila mume wala mtoto, kwa maana mtoto alikuwa keshamlea mmoja na alisema huyo alimtosha.

Siku ya pili ya moto, saa nane mchana, Dada alifika juu ya lori la mbao. Alikuwa amekaa kwenye godoro la mtu asiyemjua, amekumbatia sufuria tupu, uso umekuwa wa kijivu mpaka kope. Kitasa alimshusha kwa kumbeba. Neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa, "We mtoto, mbona umekonda?"

Hakuwa amekonda. Hajawahi kukonda tangu aoe.

Muuguzi aliyempima Dada pale shule ya msingi, ambako watu wa mlimani walikuwa wamelazwa darasa kwa darasa, alimvuta Kitasa pembeni. "Presha yake iko juu sana, na kifua kimeshiba moshi. Mpeleke akapumzike. Na nakuomba, asiletewe habari za kumshtua." Kitasa akampeleka nyumbani kwake, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama mlima. Mkewe alitandika shuka jipya. Dada akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la mtandio, akawa anatazama moshi unavyogeuka rangi.

Dukani kazi iliongezeka, jambo ambalo Kitasa hakulitegemea. Watu wakikimbia moto hubeba vitu vya ajabu. Mmoja alibeba saa ya ukutani, mwingine kiatu kimoja, mwingine alibeba rimoti akaiacha televisheni. Lakini funguo walikuwa nazo karibu wote. Walikuwa wamefunga milango kabla ya kukimbia, eti moto nao ni mwizi. Sasa walikuja dukani na hizo funguo wakitaka ziongezwe.

Mama mmoja aliweka wake mezani. "Nichongee nne."

"Nne, mama? Lakini mlango..." Kitasa akajikata.

"Mlango najua," yule mama alisema. "Wanangu wanagawanywa kwa ndugu, kila mmoja mji wake. Nataka kila mmoja awe na wa kwake."

Kitasa alichonga nne. Hakuharakisha hata mmoja. Alipitisha tupa kwenye kila jino, akaangalia kwenye mwanga, akapitisha tena, mpaka akaridhika kwamba kila ufunguo ungeufungua ule mlango bila kukwama. Yule mama alisubiri kwenye stuli, na majivu yalikuwa yanaingia taratibu na kutua mabegani mwake bila yeye kuyapangusa. Walipoagana hakuna aliyetaja malipo.

Siku ya tisa alikuja dereva wa gari la maji la zimamoto. Ufunguo wake ulikuwa umekatikia kwenye swichi na ameshika kipande. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na hakuwa amelewa. Kitasa akafunga kipande kwenye jiliwa, na huku anapima akauliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Ulifika mtaa wa mwisho? Ule unaopakana na msitu?"

"Nilifika jana."

"Kuna nyumba ya mawe pale. Bati jekundu, mpera mbele."

Dereva akavua kofia. "Ile ya bibi anayekaa peke yake?"

"Hiyo."

"Mzee wangu, pale yamebaki mawe ya msingi. Bati zimejikunja kama karatasi ya pipi. Pole sana."

Kitasa alimaliza kuchonga, akaulainisha ufunguo, akampa. Dereva alipoondoka Kitasa aliwasha mashine ikalia bila kitu ndani yake, akakaa nyuma yake, mikono mapajani, mpaka jirani wa duka la viatu alipokuja kumuuliza kama yuko salama.

Angemwambia Dada jioni ile, pengine, kama si mzee mmoja. Huyo alikuwa jirani yake Dada kule juu, mtu mwenye nguvu zake, aliyeteremka kwa miguu yake mwenyewe. Wiki hiyohiyo waliletewa habari pale shuleni kwamba nyumba yake imeteketea. Alisema asante. Akalala mkekani, akageukia ukuta wenye picha ya ramani, na siku ya tatu wakamzika. Daktari aliandika moyo. Kitasa alikuwa ametoka makaburini jana yake na wazo moja tu kichwani: Dada akijua, na yeye nitamzika. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto waliokuwa wakubwa na mbali, alikuwa na marafiki wa kutosha kumsindikiza siku yake ikifika. Lakini mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe, na mzaliwa naye alikuwa mmoja tu duniani.

Jioni ile alimkuta Dada pale dirishani. Mwanga wa rangi ya chungwa ulikuwa umejaa chumbani hata maji kwenye glasi yalionekana kama chai.

"Mkeo kaniambia ulionana na dereva wa zimamoto," Dada alisema. "Anasemaje?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa apate muda. Kitasa akafungua mdomo.

"Nyumba ipo, Dada."

"Ipo?"

"Ipo. Kuingia ndio hakuweza, imefungwa. Kufuli langu limeshika vilevile. Kalivuta kwa mkono wake mwenyewe, halikutikisika."

Dada alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

"Limeshika," alisema.

"Limeshika, Dada."

"Kufuli zuri lile," alisema Dada, akageuza uso dirishani, akaomba maji.

Uongo ni kama kuku, ukimwingiza mmoja ndani kesho utakuta mayai. Kesho yake Dada aliuliza kama barabara imefunguliwa, na keshokutwa pia. Ikabidi Kitasa aseme kwamba bado imefungwa, hilo lilikuwa kweli, ila kila Jumamosi zimamoto huwachukua mafundi wachache wakakague nyumba zilizosalia, na yeye ni mmojawapo. Hilo halikuwa kweli hata kwa dawa.

Jumamosi ikafika. Alifunga duka mapema, akavaa buti, akaenda zake hadi nyuma ya kiwanda cha kusaga nafaka kilichofungwa siku nyingi, penye benchi la saruji, akakaa. Kizuizi cha polisi kilikuwa kilomita nyingi mbele yake na hakuwa na haja nacho. Moshi ulikuwa umepungua kiasi, umelala bondeni kama maziwa. Alifumba macho nusu. Akangoja saa mbili zipite, na katika kungoja huko nyumba ikaja.

Ilikuja kwa nje kwanza. Ukuta, bati, mpera. Alirudi nyumbani akamweleza Dada: mpera umepukutika lakini shina ni zima, madirisha yana vumbi kidole kizima, mfereji wa uani unadondoka, ameukaza. Dada alifumba macho akisikiliza.

"Na kule nyuma, banda la kuni?"

"Limeinama kidogo."

"Lilikuwa limeinama tangu zamani."

"Basi halijazidi."

Jumamosi ya pili, kabla hajatoka, Dada alimwita. Alifungua fundo la mtandio kwa meno, akatoa ufunguo, akamwekea kiganjani na kumfumba vidole. "Ukifika usiishie nje kama mgeni," alimwambia. "Ingia."

Kitasa akaenda na ule ufunguo hadi kwenye benchi lake, akaushika, na siku ile akaingia. Nawaambia aliingia kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na neno jingine. Aliisikia bawaba. Alisikia harufu ya mafuta ya taa na mapera yaliyoiva kupita kiasi. Aliuona mwimo wa mlango wenye mistari ya kisu, ambapo Dada alimpima kimo kila mwaka mpaka akampita yeye. Na chumbani aliliona lile tundu la msumari kwenye bati, ambalo hawakuliziba miaka yote, maana lilikuwa saa yao. Linapitisha duara la mwanga, dogo kama kitufe. Asubuhi linakuwa ukutani, mchana linatembea sakafuni, na likigusa mguu wa kitanda Dada yuko njiani anarudi. Mtoto aliyefungiwa ndani hulitazama duara lile siku nzima. Kitasa alilitazama tena, mtu mzima na buti zake, akalisukuma kwa macho lifike kitandani haraka.

Jioni hiyo alisimulia mpaka chakula kikapoa. Dada aliuliza habari za kabati, za kioo chenye ufa, za kitanda cha mama. Vyote vilikuwepo. Jumamosi ya tatu kioo kilikuwa hakina ufa tena, na hakuna aliyelalamika. Dirisha la jikoni, ambalo lilikuwa halifungiki tangu enzi za baba, Kitasa alilitengeneza kwa maneno matupu na likafungika. Ile nyumba ilizidi kupendeza wiki hadi wiki. Mji wenyewe ulikuwa mgonjwa wakati huo: maji ya bomba yalitoka ya kijivu, nguo zilianuliwa chafu kuliko zilivyoanikwa, watoto wa shule walisoma chini ya turubai kwa zamu ili watu wa mlimani wapate pa kulala, na sungura walionekana mchana kweupe wametulia mbele ya benki, hawamwogopi mtu. Lakini kulikuwa na nyumba moja ambamo hakuna chembe ya jivu iliyoingia, na Kitasa alikuwa anakwenda huko kila Jumamosi saa nne.

Mara moja alisinzia kabisa pale kwenye benchi. Akamwona binti wa miaka kumi na mitano anajifunga kitambaa kichwani aende kazini, na yeye mdogo kamng'ang'ania sketi. Alizinduka akiwa analia, na mwanzo hakujua analilia nini.

Mkewe, wiki ya kwanza, hakumpa nafasi. "Mwambie, baba. Mwenye macho haambiwi tazama, na wifi yangu macho anayo."

"Unataka nimuue?"

"Nataka umheshimu."

"Yule mzee wa shuleni alipoambiwa alikufa."

"Yule alikuwa peke yake mkekani. Huyu yuko kwako."

Walibishana hivyo jikoni kwa sauti ya chini, kila mmoja anaosha sahani ileile. Lakini baada ya Jumamosi ya pili mkewe alinyamaza ghafla. Hakutaja tena. Kitasa akajua kwamba hoja yake imekubalika. Mume akiona mkewe amekubali hoja kirahisi hivyo, afahamu kuna jambo limeshaamuliwa na yeye hakuitwa.

Mvua ilikuja wiki ya tano, ndogo, ya usiku na asubuhi, ikateremsha moshi wote ardhini. Mlima ukaonekana. Ulikuwa mweusi, na ulionekana umesogea karibu zaidi. Jumatano gari lenye kipaza sauti likapita mitaani: wakazi wa juu wanaruhusiwa kupanda kuanzia kesho saa mbili asubuhi, waje na vitambulisho, wavae viatu vigumu.

Kitasa alilisikia akiwa dukani. Alisikia likipita mtaa wa kwanza, wa pili, halafu likakata kona kuelekea kwake. Akafunga duka akakimbia, mtu mzima na kitambi chake, kana kwamba angelifikia akaliziba mdomo. Alipoingia chumba cha nyuma Dada alikuwa tayari anakunja mtandio wake wa kutokea.

"Kesho," Dada alisema.

"Dada, kifua chako..."

"Kifua changu nakwenda nacho."

Asubuhi walipanda kwenye pikapu ya jirani wa viatu. Dada mbele na dereva, Kitasa nyuma amekaa juu ya tairi la akiba, na mkewe kabaki, kawafungashia kikapu chenye chupa ya chai na taulo ambalo Kitasa hakuelewa ni la nini. Njiani hakukuwa na ndege hata mmoja. Miti ilisimama bila matawi, mistari mieusi tu kwenye mteremko, na katikati yake barabara ya lami ilikuwa safi, imeoshwa na mvua, kama haikuhusika. Watu walikuwa wamesimama huku na huku kwenye viwanja, wawili wawili, wameinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa akitafuta kitu chini. Walipofika kwenye mpindo wa mwisho Kitasa aligonga bati la pikapu ili isimame. Aliruka chini, akaenda dirishani kwa Dada.

"Dada, nina neno."

"Tufike kwanza."

"Dada, tusifike."

"Panda gari, mdogo wangu," Dada alisema kwa upole, na Kitasa akapanda.

Pale palikuwa kama dereva wa zimamoto alivyosema. Mawe ya msingi, bati zilizojikunja. Mpera ulikuwa kisiki. Dada alishuka mwenyewe, akakataa mkono, akatembea mpaka mbele ya palipokuwa mlango. Alisimama hapo, mikono nyuma. Kitasa alisimama hatua mbili nyuma yake akisubiri aanguke, mikono ameitanguliza kama mtu anayedaka mtungi. Hakuanguka. Upepo ulipeperusha upindo wa mtandio, kisha ukatulia.

"Dada, nilikudanganya," Kitasa alisema.

"Najua."

"Sikuwahi kufika huku. Hata siku moja."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyosema kufuli limeshika." Dada hakugeuka. "Sikufunga mlango, mdogo wangu. Paka wa jirani alikuwa amezalia uvunguni mwa kitanda changu siku mbili kabla. Watoto hawajafungua hata macho. Nikasema niache wazi, akitaka kuwatoa awatoe. Lile kufuli liko ndani mahali fulani chini ya hayo mabati, lilikuwa mezani. Ufunguo nilichukua kwa mazoea tu."

Kitasa alikaa chini. Fundi wa funguo miaka arobaini na mitano, kati ya uongo wote uliopo duniani, alikuwa amechagua ule mmoja ambao Dada angeutambua kabla hajafunga mdomo.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto na aliisikia mwenyewe. "Karibu wiki nne, Dada. Ukawa unaniuliza habari za kabati."

"Ningekwambiaje? Kila Jumamosi ulikuwa unarudi na uso wa mtu aliyetoka kwao. Ulikuwa umependeza. Siku ile uliponieleza lile duara la mwanga, nikasema, mwache, bado anakaa mle. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Wewe ndiye ulikuwa umebaki ndani. Mara ya kwanza nilikufungia nikaenda na ufunguo. Safari hii nilikupa."

Kitasa alijifunika uso kwa mikono yake yenye chenga za shaba. Ilianza kwenye mabega, ikashuka, na mwishowe ikawa sauti, sauti kubwa isiyo na haya, mpaka watu wa kiwanja cha tatu wakainua vichwa, kisha wakavirudisha chini kwa adabu. Alililia bati na ukuta, akalilia mwimo wenye mistari, akamlilia mama ambaye hakuwa na sura yake hata moja kichwani, na binti aliyekwenda kufagia zahanati.

Dada alichukua kikapu garini, akakaa majivuni kando yake, akanyoosha miguu kama aliyekaa sebuleni.

"Lia," alimwambia. "Usiniangalie mimi, mimi zangu nimemaliza. Nililia bafuni kwako wiki tatu, mfereji nimeuacha wazi. Mkeo alikuwa anaingia ananishikia taulo."

Akalichukua lile taulo kutoka kwenye kikapu cha chai, akalikunjua, akampa.